Wakili wa Msambweni na Mlango wa Karen

Barabara ya Lungalunga, ukishatoka Ukunda kuelekea mpakani, haikosi mtu anayeitwa "Wakili" ilhali hajaapishwa na jaji yeyote. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mwingine alikuwa karani wa chifu, mwingine ana saiba. Ni watu wa maana sana. Kesi za ardhi Kwale haziishi, na mzee aliyeletewa samansi ya Kiingereza hukimbilia kwa yule anayejua kuisoma. Huyo msomaji huanza kwa kutafsiri, kisha akaandika barua, kisha akamsindikiza mzee hadi mahakamani Kwale. Siku moja, miaka arubaini ikiwa imempita, hujiuliza kwa nini asiisomee kazi hii akaifanya kwa haki yake.

Funzo hili ni la mmoja wao. Mwenyewe nimembuni, kwa hivyo msisumbuke kumtafuta. Sheria na milango aliyokutana nayo sikuibuni.

Saiba yake ilikuwa Msambweni, si mbali na hospitali: kompyuta tatu, printa moja yenye kelele, na benchi nje. Vijana walikuja kujaza fomu za serikali, wazee walikuja na mifuko ya plastiki iliyojaa karatasi. Kutoka Ramisi waliletwa na mashamba ya kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988, ambayo wao waliyalima miaka mingi kisha wakaambiwa yana mwenyewe. Kutoka pwani walikuja watoto wa marehemu waliogundua kwamba makaburi ya babu zao sasa yamo ndani ya hatimiliki iliyoandikwa Kwale/Diani Beach Block na nambari wasiyoifahamu. "Binti yangu, hebu nisomee hii yasemaje," ndivyo walivyoanza wote. Jina la Wakili alipewa na benchi hilo.

Mwaka 2017 mzee mmoja kati ya hao alitupiwa kesi yake nje. Hakushindwa kwa ushahidi. Siku ya kusikizwa wakili wake wa mjini hakufika, na mzee alipoinua mkono aseme, hakujua aseme nini. Wakili wetu alikuwa ameketi nyuma yake na alijua kila neno lililopaswa kusemwa. Hakuwa na ruhusa ya kulisema. Usiku huo akawaambia watoto wake watatu kwamba mama anarudi skuli.

Sasa angalia alivyochagua chuo. Aliuliza kipi kiko karibu, kipi kina masomo ya jioni, kipi hupokea karo kwa mafungu, na kipi kitamkubali. Ni maswali mazuri kabisa kwa mzazi anayetafuta chekechea. Kwa mtu wa miaka arubaini anayetaka kuwa wakili yanatosha kumpoteza, maana hakuna hata moja linalogusa mwisho wa safari. Kwale hatuna skuli ya sheria, kwa hivyo "karibu" ilimaanisha Mombasa, ng'ambo ya feri. Huko alikuta tawi la chuo kikuu fulani ambacho makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Mabango yake yalikuwa kila mahali. Dada wa mapokezi akatazama vyeti: KCSE ya mwaka 1998, wastani wa C, Kiswahili B-, Kiingereza C+, na diploma ya biashara aliyoisomea baadaye. "Diploma yako inatosha, mama. Wewe utapanda kwa ngazi." Wakili akalipa fungu la kwanza hapo hapo.

Dada yule hakusema uongo, na hilo ndilo linaloifanya hadithi hii istahili kusimuliwa. Aliulizwa kama chuo kitamkubali, akajibu kwamba kitamkubali. Kikamkubali kweli.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Watu wazima wana faida darasani ambayo vijana hawana: mhadhiri akizungumzia mkataba, wao washaumizwa na mikataba. Darasa lilikwisha saa mbili unusu usiku, kisha feri ya Likoni, kisha matatu hadi Ukunda, na kutoka Ukunda kwenda Msambweni saa hizo ni Mungu tu na bodaboda. Kwenye feri alisoma akiwa amesimama, kijitabu kimekunjwa mara mbili. Usiku mmoja alikuwa kwenye kesi ya Donoghue na Stevenson, ile ya Scotland iliyoamuliwa mwaka 1932, ya mwanamke aliyemiminiwa soda ya tangawizi na chupani mkatoka mabaki ya konokono. Muuza kashata aliyekuwa ubavuni akamuuliza anacheka nini. Akamsimulia: aliyeinunua chupa alikuwa rafiki yake, yeye hakuwa na mkataba na mtu, lakini majaji wakasema mwenye kiwanda ana wajibu hata kwa mnywaji asiyemjua. Muuza kashata akafikiri mpaka feri ikagusa ng'ambo. "Basi na mimi," akasema, "nikila samaki mbovu wa kualikwa naweza kushtaki." Wakili aliniambia, au tuseme angeniambia kama angekuwepo, kwamba hakuwahi kufundisha mtu sheria vizuri namna ile tena.

Uvumi ulianza mwaka wa pili. Ikasemwa kwamba chuo kina leseni ya kufundisha sheria Nairobi, ila tawi la Mombasa halimo kwenye orodha. Wanafunzi wakagawanyika: wengine wakasema ni fitina za vyuo shindani, wengine wakasema chuo ni kimoja, leseni ni moja.

Leseni si moja. Chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria, Nambari 27 ya mwaka 2012, Baraza la Elimu ya Sheria ndilo linalotoa ruhusa ya kufundisha sheria nchini, na hukagua mahali penyewe: maktaba, wahadhiri, madarasa, chumba cha kuigizia mahakama. Ruhusa ya kampasi moja haivuki feri kwenda nyingine, tena ina muda wake wa kumalizika. Na usidhani Baraza huogopa majina makubwa. Mwaka 2015 skuli ya sheria ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, chuo cha umma chenye mawakili na majaji waliopitia humo, iliamriwa ifungwe kwa sababu ya suala hilo hilo la leseni. Baadaye iliendelea na iko hadi leo, lakini waliokuwa madarasani mwaka ule wanajua walivyolala. Habari hiyo ilikuwa magazetini miaka miwili kabla Wakili hajalipa fungu lake la kwanza. Orodha ya Baraza hutangazwa hadharani, na mtu mwenye saiba angeifungua kwa dakika tatu.

Chuo kikawaambia wanafunzi wa Mombasa wahamie Nairobi, masomo ya wikendi. Wengi wakaacha. Wakili akauza shamba dogo la minazi alilorithi kwa mamake, akaanza kupanda basi la Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Sitaieleza miaka hiyo kwa urefu. Kila aliyesoma akiwa na watoto anaijua. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa korona na masomo yakahamia mtandaoni, yeye peke yake katika darasa lake alisema alhamdulillahi. Mwaka 2022 akavaa joho la digrii. Msambweni ikapika pilau.

Kwenye harambee ya kumsaidia hatua iliyofuata, msemaji mmoja alisimama akamtaja Mandela. Husemwa katika kila harambee ya namna hii: Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria mwaka 1989, akiwa kifungoni na umri wa miaka 70, kwa hivyo nani aseme amechelewa? Watu wakapiga makofi. Ni kweli, digrii ile aliipata Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kwa masomo ya mbali. Kile ambacho msemaji hakukitaja ni kwamba Mandela alikuwa keshakuwa wakili tangu 1952, alipofungua ofisi pamoja na Oliver Tambo mjini Johannesburg. Alifaulu mtihani wa uwakili kwanza, digrii ikaja nyuma yake miaka mingi. Yaani mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa mtu ambaye hakuupata mlango umefungwa mwishoni, kwa kuwa alishapita.

Wakili wetu mlango ulikuwa bado mbele yake, na uko Karen, Nairobi.

Kenya School of Law ndipo anapopita kila anayetaka kuwa wakili Kenya. Huko husomwa masomo tisa ya kazi yenyewe, kama kuendesha kesi za madai na za jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi na maadili ya uwakili. Mitihani hutungwa na Baraza. Kisha miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi. Ndipo unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lako kuingia kwenye orodha. Skuli hiyo ina sheria yake, Nambari 26 ya mwaka ule ule wa 2012. Sheria mbili, zilizopitishwa pamoja, kila moja na mlango wake.

Mlango wa chuo kikuu, kwa kanuni za Baraza, una njia kadhaa. Mwenye C+ ya KCSE pamoja na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili huingia. Lakini mwenye digrii nyingine, au diploma iliyokubaliwa, naye ana nafasi yake. Mlango wa Karen ni tofauti. Jedwali la Pili la sheria ya skuli linataja C+ na ile B ya lugha, na linazungumzia alama alizokuwa nazo mtu kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Skuli kwa miaka mingi imeshikilia kwamba alama hizo zinamhusu kila mwombaji, apande ngazi asipande. Waliokataliwa wakashikilia kwamba kifungu hicho kina njia mbili, na kwamba mwenye digrii ya chuo kikuu cha Kenya haulizwi habari za kidato cha nne. Mabishano hayo yamefika katika baraza la rufaa la elimu ya sheria, Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufaa. Kuna walioshinda na kuna walioshindwa, na majaji wenyewe wamepishana. Anayesoma makala haya asome pia hukumu ya karibuni zaidi, maana jambo hili halijatulia kwa muda mrefu.

Wakili wetu naye aliomba Karen, akakataliwa. Barua aliyojibiwa ilikuwa fupi. Ilitaja C yake ya mwaka 1998 na B- yake ya Kiswahili. Lugha aliyowatafsiria wazee wa Ramisi maisha yake yote ndiyo iliyompungukia alama moja.

Hapa watu humwonea huruma, na wana haki. Lakini funzo halimo kwenye huruma. Lau angekwenda na vyeti vyake Karen kwanza, kabla ya Mombasa, angejua mwaka 2017 kile alichokijua baada ya kuuza minazi. Angeweza kuufanya upya mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Watu wazima huufanya kila mwaka, wala hakuna sheria inayomkataza mama wa watoto watatu. Angepoteza mwaka mmoja na aibu kidogo. Kuufanya leo, baada ya digrii, kunamrudisha kwenye yale maneno ya "kabla ya kujiunga", na hapo hata mawakili wanabishana kama kutamsaidia.

Ndiyo maana mimi nasema skuli ya sheria huchaguliwa kuanzia mwisho. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza kuanzia popote, akikosea ana wakati wa kurudi. Mtu mzima hana. Aanze na ile orodha ya mawakili, arudi nyuma hatua kwa hatua: nani ataniajiri mwanagenzi, na nitakula nini miezi hiyo sita; nitakaa wapi Nairobi mwaka wa Karen, ambao karo yake peke yake inakaribia laki mbili; Karen watanipokea kwa vyeti nilivyo navyo leo; wahitimu wa chuo ninachokitazama hufaulu mitihani ya Baraza au hukwama; kampasi yenyewe, pale pale nitakapoketi, imo kwenye orodha ya mwaka huu. Mwisho kabisa ndipo aulize habari za feri na mafungu ya karo. Na majibu ayapate kwa maandishi. Jibu la mdomoni kutoka kwa dada wa mapokezi halikubaliki mahali popote, na mtu anayetaka kuwa wakili angepaswa kulijua hilo mapema kuliko sisi wengine.

Alikuwepo mjomba Tanga aliyemwambia toka mwanzo avuke Lungalunga akasome Tanzania, ambako Chuo Kikuu Huria kinafundisha sheria kwa masomo ya mbali na umri si hoja. Ushauri huo haukuwa mbaya kwa mtu anayetaka elimu. Ila digrii ya nje haipiti Kenya mpaka Baraza liitambue na kuilinganisha na masomo 16 ya msingi yanayotakiwa hapa. Ukikosa baadhi, unarudi darasani. Na Tanzania nayo ina Karen yake. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze, na Watanzania wakabishana wiki nzima kama kosa ni la shule au la vyuo vilivyowatuma wale vijana. Mimi nilichokiona ni watu zaidi ya mia sita waliokuwa na digrii halali mkononi.

Kuna swali jingine ambalo Wakili hakuulizwa na mtu, na huenda lingeokoa mengi zaidi: je, lazima uwe wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya kwenye benchi lake, na Kenya School of Law yenyewe hufundisha diploma yao kwa masharti mepesi kuliko ya uwakili. Mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 na chenye ofisi Mombasa, yamewatumia watu wa aina hii kwa miaka mingi. Msaidizi hasimami mbele ya jaji kumtetea mtu, hilo ni kweli. Lakini hesabu ya kesi nyingi za ardhi huku kwetu hukamilika kabla ya jaji: kwa pingamizi lililowekwa kwa wakati, kwa utafutaji uliofanywa katika ofisi ya ardhi kabla shamba halijauzwa, kwa barua iliyotaja kifungu sahihi. Wapo watakaosema nawaambia watu wa Kwale wapunguze ndoto. Hapana; Kwale inaongozwa na gavana mwanasheria, Fatuma Achani, wa kwanza mwanamke kushika kiti hicho hapa, na hakuna anayehitaji kuambiwa na mimi kwamba sheria inasomeka. Nasema tu kwamba mwenye miaka arubaini na minne ahesabu: minne ya digrii ikienda sawa, mmoja wa Karen, nusu ya uanagenzi, na muda wa kungoja kati ya hatua na hatua. Atakuwa amekaribia hamsini na moja siku ya kuapishwa. Kama bado anaitaka baada ya hesabu hiyo, aende, tena aende mbio. Umri haumo katika masharti.

Wakili wetu amekata rufaa. Hati aliiandika mwenyewe, na nasikia, kwa jinsi mtu anavyoweza kusikia habari za mtu wa kubuni, kwamba ni hati safi. Saiba bado iko. Benchi halijapungua watu, na siku hizi hata karatasi za digrii yake zimo ukutani, kando ya bei za fotokopi.

Juzi alimjia mhudumu wa hoteli ya Diani, kijana wa miaka thelathini na mitano, anataka ajaziwe fomu ya kusomea sheria, jioni, kwa mafungu. Wakili hakugusa kompyuta. "Cheti chako cha kidato cha nne kiko wapi, mwanangu?" Kilikuwa nyumbani. "Wastani ulipata nini?" Ilikuwa C+. "Na lugha?" Kijana hakukumbuka vizuri, labda B, labda B-. "Basi nenda ukakitazame, kisha uje tufungue orodha ya Baraza pamoja, halafu uniambie Nairobi utalala kwa nani." Kijana akamtazama, akatazama digrii ukutani, akatoka akimwambia mwenzake kwamba huyu mama ana wivu. Akavuka barabara hadi saiba ya pili, wakamjazia fomu kwa shilingi mia mbili.